Nguvu ni Sawa na Nguvu Mara Mkondo: Uhakiki wa Istilahi za Umeme Mpakani Busia na Tororo

Makala haya yametokana na alama nne. Tulimnyima alama hizo mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili, mwenyeji wa Tororo, katika mtihani wa somo la tafsiri. Kifungu alichopewa kilikuwa kifupi, tena cha kawaida katika vitabu vya fizikia vya shule za upili: hita ya maji inavuta ampea 5 kutoka kwenye umeme wa volti 240, mwanafunzi atafute ukinzani wake, kisha atafute kile ambacho vitabu vya Kiingereza hukiandika kwa herufi P na kukipima kwa wati.

Mwongozo wetu wa kusahihisha ulisema hivi: "Hita inavuta mkondo wa ampea 5 kwenye nguvu ya umeme ya volti 240. Tafuta ukinzani wake na nguvu yake." Yeye aliandika "volteji" pale tulipotaka "nguvu ya umeme". Tukakata alama, na pembeni tukaandika kwa wino mwekundu: "Utohozi wa kivivu. Kiswahili kina neno." Mwenzake aliyefuata mwongozo neno kwa neno alipata alama zote.

Siku tatu baadaye mwanafunzi yule alikuja ofisini na karatasi yake. Hakuja kwa ubishi. Alituomba kwa heshima tulikokotoe swali hilo kwa kutumia tafsiri yetu wenyewe. Sehemu ya kwanza ilitupita vizuri: 240 gawanya kwa 5 ni 48, basi ukinzani ni omu 48. Sehemu ya pili inataka kuzidisha volti kwa ampea, 240 mara 5, jibu ni wati 1,200. "Sasa Mwalimu," akasema, "naomba uiandike kanuni yenyewe kwa maneno." Tukaandika: nguvu ni sawa na nguvu mara mkondo. Tukaitazama. Anayejua hesabu ya darasa la saba ataona kuwa namba pekee inayobaki ileile ikizidishwa kwa 5 ni sifuri. Kwa Kiswahili chetu sanifu, hita ile ilikuwa imezimwa.

Alama zake tulimrudishia papo hapo. Swali lililobaki ni la kwetu sisi walimu: imekuwaje tukasahihisha istilahi kwa miaka mingi bila hata mara moja kuzitia katika sentensi ambayo zilitungwa kuitumikia? Istilahi tumezizoea katika orodha, neno la Kiingereza upande huu na la Kiswahili upande ule, na kila safu inaposimama peke yake inaonekana timamu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni kazi ya heshima na hatuna nia ya kuidharau; bila hiyo wengi wetu tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini kamusi ni kamusi. Istilahi za umeme hazikai mojamoja. V, I, R na P ni familia, na ukimpa mmoja jina la ndugu yake nyumba nzima inavurugika.

Tuliamua kwenda kusikiliza. Tulichukua wanafunzi wachache hadi Busia, ambayo kama wasomaji wengi wanavyojua ni mji mmoja wenye serikali mbili, kisha tukavuka kwenda Tororo, mahali ambapo jabali linaonekana kabla ya mji. Tulikaa katika karakana za kuchomelea vyuma, kwa mafundi wa redio na pasi, na kwa wauza vifaa vya umeme. Lugha za huko ni nyingi: Kisamia, Kiteso, Kijapadhola, Kiluo, Kiganda. Hata hivyo, fundi wa upande wa Kenya anapozungumza na mteja wa upande wa Uganda kuhusu waya, lugha inayowakutanisha mara nyingi ni Kiswahili, nacho si cha kubahatisha.

Jina la kitu chenyewe halijakubaliwa. Kenya ni stima, neno ambalo kamusi zetu bado zinalipa pia maana ya meli ya moshi. Mganda anayezungumza Kiganda atasema amasannyalaze. Umeme, neno linalotumika Tanzania na katika maandishi rasmi ya Kenya, lina historia ya ajabu nchini Uganda: tangu mwaka 2005 hadi mwisho wa Machi 2025 lilikuwa jina la kampuni iliyosambaza umeme nchini humo. Kwa miaka ishirini mtoto wa Tororo alilijua neno hili la Kiswahili kutoka kwenye bili kabla hajalikuta darasani, na ilikuwa inawezekana kabisa kusema kwamba Umeme wamekata umeme bila kukosea sarufi.

Lakini kilichotushangaza zaidi kilikuwa vitenzi. Sisi tumejaza madaftari nomino. Fundi anasema: leo umeme ni mdogo, waya huu haubebi, pasi hii inakula sana. Tazama alichofanya. Umeme mdogo au mkubwa ni volti. Kubeba ni kazi ya waya, na kinachobebwa ni mkondo, yaani ampea. Kula ni kazi ya kifaa, na kinachohesabiwa ni wati. Mambo matatu, maneno matatu, na hakuna linalogongana na jingine. Mwongozo wetu wa mtihani haukuweza kufanya hivyo.

Tusimpambe fundi kupita kiasi. "Kula" lake linachanganya vitu viwili, kasi ya kula na jumla ya kilicholiwa. Pasi ya wati 1,000 ikitumika kwa dakika kumi hula karibu sehemu moja ya sita ya yuniti moja. Balbu ya wati 60 iliyoachwa ikiwaka saa kumi na mbili za usiku hula zaidi ya sehemu saba za kumi. Mteja ameambiwa pasi ndiyo inayokula, basi anaizima kwa hofu na kuiacha taa ya uani hadi asubuhi. Mita ya tokeni upande wa Kenya na ya Yaka upande wa Uganda zote zinahesabu yuniti, yaani kilowati mara saa. Hapo ndipo mwalimu wa lugha ana la kuchangia: wati ni kasi, yuniti ni jumla.

Magazeti yetu hayana afya zaidi. Karibu na Tororo kuna mtambo wa umeme wa jua wa megawati 10 ulioanza kazi mwaka 2017. Habari za mitambo ya aina hiyo mara nyingi huandikwa kwamba itazalisha megawati kadhaa "kwa siku". Hilo ni sawa na kusema gari linakwenda kilomita themanini kwa saa kwa siku. Megawati tayari ni kasi, haihitaji siku. Angalia pia jinsi mwandishi wa habari anavyokwepa kuitaja nomino: ni "umeme wa megawati 10", jina la kipimo bila jina la kinachopimwa. Amehisi kuwa akisema nguvu atakuwa hajasema kitu.

Naye ana haki. Neno nguvu limebebeshwa mizigo mingi mno. Nguvu za umeme zimekatika: hapo ni umeme wenyewe. Nguvu ya volti 240: hapo ni kile kinachosukuma mkondo. Nguvu ya wati 1,200: hapo ni kasi ya kula. Nguvu ya uvutano: hapo ni kile ambacho vitabu vya Tanzania huita kani. Hatujataja zile nguvu zinazotangazwa na waganga kwenye vibao vilivyopigiliwa misumari kwenye nguzo hizo hizo za umeme. Maoni yetu ni kwamba neno hili lipewe kazi moja tu katika somo la umeme, ile ya wati, na kwingine kote liondolewe bila huruma. Kani ichukue nafasi yake katika misukumo. Kuhusu jumla inayoliwa, Kenya ina kawi na Tanzania ina nishati. Wizara zenyewe zimeitwa kwa majina hayo, na hatuoni hasara mwanafunzi wa mpakani akiyajua yote mawili, mradi asiyatumie mahali pa nguvu.

Volti zinapima nini basi? Watanzania wana neno zuri ambalo halijasikika vya kutosha huku kwetu: msongo. Taarifa za miradi ya umeme nchini humo husema njia ya msongo wa kilovolti 220 au 400. Tulilijaribu Busia likakwama kidogo. Kwa sikio la Kenya, kusonga ni kwenda: songa mbele, songa kando. Mwanafunzi wa Busia akisikia msongo wa umeme anafikiria mwendo, na mwendo ni mkondo, kinyume kabisa cha tunachotaka. Mtanzania anasikia kusonga ugali, mwiko ukikandamiza. Mmoja wa wanafunzi wetu alitatua jambo hilo kwa neno ambalo pande zote mbili zinalijua vizuri mno, msongamano. Malori yanayojazana mbele ya lango la mpaka yanasukumana: huo ndio msongo. Malori yanayopita langoni kwa saa ndiyo mkondo. Ugumu wa kupita, pamoja na mihuri na makaratasi yake, ndio ukinzani. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kilikusudiwa kufanya ukaguzi ufanyike mara moja badala ya mara mbili, yaani kupunguza ukinzani ili kwa msongo ule ule mkondo uongezeke. Mfano huu tumeupenda, ingawa unaishia hapo. Lori halilewi langoni, na kwa hiyo nguvu haionekani ndani yake. Volteji nayo ibaki kwa anayeitaka. Utohozi unaokuwezesha kupata jibu si wa kivivu.

Mkondo hauna tatizo kubwa, ila mwalimu akumbuke kuwa katika shule za Kenya mkondo ni pia darasa la Mashariki au Magharibi. Wanaolalamika kwamba herufi I haifanani na neno mkondo wajue kuwa haifanani na neno la Kiingereza pia. Imetoka katika Kifaransa.

Tukae zaidi na ukinzani, maana hapa walimu wa fasihi ndio tunaopotosha. Sisi tumewafundisha wanafunzi kwamba ukinzani ni mgongano: mhusika anapinga, wazo linapingana na wazo. Mwanafunzi huyo huyo akikutana na ukinzani wa umeme anafikiri kwamba ukinzani mkubwa ni ugomvi mkubwa, na ugomvi mkubwa ni joto kubwa. Tulipowauliza darasani ni birika gani litachemsha maji haraka, lenye ukinzani mkubwa au mdogo, wengi walisema kubwa. Jibu si hilo.

Tuliwapa kibandiko tulichokikuta chini ya birika la umeme katika duka moja la Busia. Kimeandikwa volti 220–240, wati 1850–2200. Tukawaomba wakihakiki kama wanavyohakiki shairi. Mmoja alisema ni lugha ya kukwepa, muuzaji hataki kujifunga. Mwingine alisema namba mbili ni kwa ajili ya nchi mbili. Tuliwaambia wakokotoe. Nguvu ni msongo mara mkondo. Mkondo ni msongo gawanya kwa ukinzani. Kwa hiyo nguvu ni msongo mara msongo, gawanya kwa ukinzani. Geuza, na ukinzani unakuwa msongo mara msongo, gawanya kwa nguvu. Chukua namba za chini: 220 mara 220 ni 48,400, gawanya kwa 1,850, unapata 26.2. Chukua za juu: 240 mara 240 ni 57,600, gawanya kwa 2,200, unapata 26.2.

Darasa lilinyamaza kidogo. Kibandiko hakikwepi chochote. Kinasema jambo moja kwa namna mbili, na jambo hilo lenyewe hakilitaji: waya ulio ndani ya birika una omu 26.2, ukiupa volti hizi utakula hivi, ukiupa zile utakula vile. Wanaosomesha uhakiki watakubali kwamba matini nyingi tunazozitukuza hazijafikia umakini huo.

Sasa rudi kwa fundi na umeme wake mdogo. Jioni, mwishoni mwa laini ndefu, volti zinaweza kushuka hadi 180. Birika lile lile litakula 180 mara 180 gawanya kwa 26.2, yaani wati 1,237 hivi. Msongo umepungua kwa robo, nguvu imepungua kwa karibu nusu. Lita moja na nusu ya maji ambayo ingechemka kwa dakika tatu na nusu hivi itachukua zaidi ya dakika sita, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea. Mama wa hoteli anayejua kwamba jioni chai huchelewa anaijua kanuni hii kwa mwili wake. Alichokosa ni sentensi.

Je, ukinzani mkubwa haupashi joto kamwe? Unapasha, mahali pengine, na mfano wake unapita juu ya vichwa vya watu wa Tororo. Bwawa la Owen Falls la Jinja, linaloitwa sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Chini ya mkataba wa miaka hiyo Kenya ilihakikishiwa megawati 30, na ikajengwa laini ya kilovolti 132 kutoka Tororo hadi Nairobi. Hiyo ni laini ya nyaya tatu, ambayo mafundi huiita ya fezi tatu, na mkondo wa kila waya hupatikana kwa kugawanya nguvu kwa msongo, kisha kugawanya tena kwa 1.73. Wati 30,000,000 kwa njia hiyo, tukiacha marekebisho madogo ya wahandisi, zinatoa ampea 131. Birika letu linavuta ampea 9. Kila waya uliobeba umeme wa nchi jirani, basi, ulikuwa na mkondo wa mabirika kumi na manne tu.

Kwa nini walipandisha msongo kiasi hicho? Kwa sababu ndani ya waya wa njiani mkondo umeshaamuliwa na mzigo ulio mbele, na joto linalopotea ni mkondo mara mkondo mara ukinzani wa waya. Kama megawati hizo 30 zingepelekwa kwa kilovolti 11, mkondo ungekuwa mara kumi na mbili, karibu ampea 1,577, na hasara katika waya ule ule ingekuwa mara 144. Hapa ukinzani mkubwa ni joto kubwa. Katika birika ukinzani mdogo ndio joto kubwa. Kauli hizi mbili zinaonekana kukinzana, na mwalimu wa fasihi angefurahi, lakini hazikinzani: katika birika kilichoshikiliwa kisibadilike ni msongo, katika laini kilichoshikiliwa ni mkondo. Fundi aliyetuambia "waya huu haubebi" alikuwa akizungumzia laini. Ekstensheni nyembamba iliyofungiwa birika na pasi kwa pamoja inapata moto kwa kanuni ya Tororo, na nyumba huungua kwa kanuni hiyo. Mtu aliyeambiwa tu "usitumie nguvu nyingi" hajui aangalie volti, wati au unene wa waya.

Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu watakaokwenda Tororo na Busia ya upande ule wengi watapita katika idara kama yetu, na watabeba istilahi tutakazowapa. Tumekubaliana na wenzetu wa somo la tafsiri kwamba kuanzia muhula huu kila kifungu cha sayansi kitakachotahiniwa kiandamane na hesabu yake, na tafsiri isiyoweza kukokotoleka ihesabiwe kuwa na kosa hata kama kila neno limo katika kamusi.

Kuhusu yule mwanafunzi wa pili, aliyefuata mwongozo wetu na kupata alama zote, tulimwachia alama zake. Kosa lilikuwa la msahihishaji.

Wasomaji wanaopenda wanaweza kujaribu kifungu kifuatacho, kilichoandikwa kwa maneno ya fundi mmoja wa Tororo. Kiandikwe upya kwa istilahi sanifu, neno nguvu litumike mara moja tu, na hesabu itoke: "Jiko hili la koili linakula wati elfu moja kwenye umeme wa mia mbili na arobaini. Usiku umeme unakuwa mdogo, unafika mia mbili. Nataka kujua usiku linakula ngapi, na kama waya wa ampea tano utabeba."